Huduma ya kukagua maombi ya mastaz kwa wenye GPA za kuungaunga, maoni yangu

Naanza na bei maana najua ndo mnachosubiri. Laki na ishirini kwa kukagua esei moja pamoja na ile barua fupi ya kuelezea matokeo mabovu, nusu unatanguliza nusu unamalizia ukipokea kazi. Sio hela ndogo kwa mtu anayesaka skolashipu ila wapo wanaotoza kwa dola na kazi yenyewe wanakopi na kupesti. Jina la ofisi siweki kwa sababu huko chini nina ya kuwasema, ila wapo Sinza, Dar, na aliyenihudumia ni dada mmoja mcheshi ambaye ikifika kwenye kazi hana masihara kabisa.

Mimi nina GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.1 kwenye digrii ya takwimu, yaani lowa second, daraja la pili la chini. Mwaka wa kwanza na wa pili transkripti inatia huruma, C zimejipanga na sup juu (mitihani ya kurudia), mama alikuwa anaumwa na mimi ndo mkubwa nyumbani nikawa nakata tiketi za mabasi stendi usiku halafu asubuhi naingia kipindi nasinzia, mwaka wa tatu mambo yakatulia nikaanza kuvuta B+ na A mpaka kwenye projekti. Sasa haya unamwelezaje mtu wa ng'ambo ambaye hata hajui GPA yetu inaishia 5?

Kilichonifurahisha, kabla hajapokea hata shilingi alichukua kalamu akanipigia hesabu ya kugeuza GPA yangu iwe alama ya Ujerumani. Wale wana kanuni yao ya Bavaria, unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wenu unatoa ya kwako, unagawa kwa tofauti ya ya juu na ya kufaulia, unazidisha kwa 3 unajumlisha 1. Kwetu juu ni 5 na kufaulu ni 2, kwa hiyo kwa kifupi ni 6 toa GPA yako. Yangu ikaja 2.9, na kwao namba ndogo ndo nzuri, programu nyingi zinakata kwenye 2.5 ambayo kwetu ni 3.5. Akaniambia kaka, hapo hata uandike nini hakuna atakayefika kusoma, tunza hela yako. Skolashipu ya Commonwealth ya Uingereza nayo wanataka apa second (daraja la pili la juu), ukiwa na lowa lazima uwe na cheti kingine cha juu ya digrii kinachohusiana na unachoomba. Marekani ndo kuna nafasi, vyuo vingi vinataja 3.0 kwa mfumo wao unaoishia 4 lakini idara nyingi zinasoma faili zima, na fomu nyingi zina kisehemu cha maelezo ya ziada. Hapo ndo barua inafanya kazi.

Barua yenyewe nilipeleka kurasa mbili akabakiza mistari kama sita hivi! Semista zipi zilikuwa mbaya, nini kilitokea, kiliisha lini, baada ya hapo alama zikawaje, basi. Ugonjwa wa mama ukapewa nusu sentensi. Niliposema somo fulani lekchara alifelisha karibu darasa zima akafuta yote, eti kamati itaona nalaumu watu. Hapa tulibishana na mpaka leo naona mstari mmoja ungebaki, maana ni kweli na watu wa mwaka wetu wanajua. Ila kwenye esei kuu nilimwelewa, alitoa kila kitu kinachohusu sup akasema esei ni ya unachotaka kusoma, hayo ya sup yakae kwenye ile barua fupi. Akanishauri pia refarii, yaani mtu wa kunipendekeza, awe aliyenifundisha mwaka wa tatu ili aseme mwenyewe aliona nimebadilika, hiyo ina uzito kuliko mimi kujisemea.

Sasa ya kuwasema. Kwanza alijitolea kuniandikia barua ya refarii ili lekchara asaini tu, kwa hela ya ziada. Najua wengi wanafanya ila mimi sikutaka, na ofisi inayojiita ya kitaaluma kuuza kitu kama hicho sio sawa hata kidogo. Pili, esei ilirudi na Kiingereza cha mtu aliyezaliwa London, maneno mengine hata kuyatamka siwezi, sasa nikiitwa interviu nitaongeaje? Nikairudisha wakairekebisha bila kinyongo. Tatu ni voisi noti, dada anaongea jamani, jibu la ndio au hapana unaletewa dakika nne.

Nawapa nyota nne kwa tano kwa sababu ya ile hesabu. Ukitaka kwenda nenda Septemba au Oktoba, Marekani programu nyingi zinafunga Desemba na Novemba meseji zako zitakaa na tiki za bluu bila jibu. Na kama una chini ya 2.7 muulize kwanza habari ya diploma ya uzamili kabla hujalipa chochote, anaelezea bure.