Vitabu vitatu kuhusu Singapore: nilivyovisoma, na nilichokikuta nilipofika

Ukiishi Kenya utakuwa umeisikia mara nyingi: "Miaka ya 60 sisi na Singapore tulikuwa sawa." Nimekua nikiisikia kwenye mikutano ya siasa na redioni. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Mombasa, na makontena mengi yanayopita mikononi mwangu yameshashushwa na kupakiwa tena Singapore kabla ya kufika Kilindini. Nilipopata nafasi ya kwenda huko kwa mafunzo ya siku kumi, nikaona nisiende mikono mitupu. Nikanunua vitabu vitatu na kijitabu kimoja cha watalii.

Nilianza na kumbukumbu za Lee Kuan Yew, From Third World to First, kilichotoka mwaka 2000. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 700, na nakala ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilinitia hasira: sura niliyoitaka kuliko zote, ile ya kupambana na ufisadi, ilikuwa imekatika katikati, kurasa zimeng'oka kwenye gundi na nyingine hazimo kabisa. Muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Nikamalizia kwa nakala ya kuazima. Ukinunua, kifungue kitabu mbele ya aliyekuletea.

Kitabu chenyewe ni kizuri kweli. Mzee huyu, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1959 hadi 1990, anaandika kama anayekuhesabia pesa mkononi, noti moja moja. Tarehe 9 Agosti 1965 Singapore inatolewa Malaysia baada ya miaka isiyotimia miwili, naye analia mbele ya kamera. Hawana jeshi la maana, Waingereza wako njiani kuondoka, na maji yanatoka Johor, jimbo la Malaysia ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, kwa mkataba wa 1962 unaokwisha 2061. Mtu wa Mombasa anayengoja maji ya Mzima na Baricho hahitaji kuelezwa hofu hiyo, aijua kwa mitungi yake.

Lakini kilichonikaa zaidi ni mambo madogo. Anasimulia familia moja yenye watoto 12 iliyohamishwa kutoka kibandani hadi kwenye fleti ya serikali. Wakaja na kuku na bata wao, wakawafuga jikoni, na mama akatengeneza kigeti cha mbao mlangoni wasiingie sebuleni. Wafugaji wengine walionekana wakiwabembeleza nguruwe wao wapande ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kubadilisha mji ni kubadilisha asubuhi ya mtu, na kwamba nyuma ya kila jengo refu linaloonekana kwenye picha kuna mama kama yule.

Sura ya ufisadi isome mara mbili. Ofisi ya kuchunguza rushwa iliundwa na wakoloni mwaka 1952, na chama cha Lee kiliipa meno. Mwaka 1986 uchunguzi ulimfikia waziri wake mwenyewe, Teh Cheang Wan, ambaye alijiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Nilikaa na kurasa hizo muda mrefu, kitabu kimelala mapajani.

Kasoro yake ni kubwa vilevile. Ukifika kwenye wapinzani na magazeti unaona kesi imesikizwa upande mmoja. Aliyempinga ama ni mkomunisti ama ametumiwa na wakomunisti, basi. Na hilo jina la kitabu limetupotosha wengi. Singapore ya 1965 haikuwa kijiji cha wavuvi. Tayari ilikuwa bandari kubwa ya dunia, na pato lake kwa kila mtu lilikaribia dola 500 wakati la Kenya lilikuwa karibu dola 100. Hatukuwa sawa. Naomba wenye vipaza sauti walijue hili, kwa sababu ukikosea mahali ulipoanzia safari utakosea na hesabu ya njia.

Kitabu cha pili ndicho kilichonifungua macho: The Art of Charlie Chan Hock Chye cha Sonny Liew, cha mwaka 2015. Ni kitabu cha katuni, lakini usikidharau. Kinasimulia maisha ya mchoraji mmoja wa kubuni, na kupitia michoro yake unaipitia historia yote tangu Waingereza. Baraza la sanaa la nchi hiyo lilikuwa limetoa ruzuku ya dola 8,000 za Singapore, kisha likaiondoa kitabu kilipotoka. Mwaka 2017 kikashinda tuzo tatu za Eisner, tuzo za vitabu vya katuni huko Marekani.

Kuna roboti kubwa ndani yake inayosikia amri za Kichina tu, imesimama na wanafunzi waliokuwa wakipambana na polisi wa kikoloni. Na kuna Lim Chin Siong, mwenzake Lee wa awali, msemaji aliyejaza viwanja. Tarehe 2 Februari 1963, katika msako ulioitwa Operesheni Coldstore, alikamatwa pamoja na watu zaidi ya 100, na hakuachiwa hadi 1969. Liew anachora pia Singapore ambayo haikuwahi kuwapo, Lim akiwa ndiye waziri mkuu. Niliposoma kurasa hizo niliwafikiria akina nani wetu waliofungwa wakiwa vijana, na nchi ambayo hatukuiona.

Cha tatu ni cha Teo You Yenn, msomi wa sosholojia, This Is What Inequality Looks Like, cha 2018. Ni chembamba na kinasomeka kwa siku tatu. Karibu asilimia 80 ya wakazi wa Singapore wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, na wengi wamezinunua. Teo aliwatembelea wale wasioweza kununua, wanaopanga nyumba za chumba kimoja au viwili. Mtoto wao anaingia darasa la kwanza hajui kusoma, wenzake wanajua tayari, na tangu siku hiyo anaitwa mzito. Mama anafanya kazi ya zamu na hana wa kumwachia mtoto. Mwandishi hapigi kelele hata ukurasa mmoja, na ndiyo maana kinauma.

Kijitabu cha watalii kilinifaa kwa ramani ya treni tu. Bustani za Gardens by the Bay na maporomoko ya maji ya Jewel pale uwanja wa ndege wa Changi utayaona hata bila kuelekezwa. Nilichotaka ni vibanda vya chakula, ambavyo utamaduni wake UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Huko pakiti ndogo ya tishu ikiwekwa mezani maana yake pana mtu, na hakuna anayeigusa. Wachuuzi hao walikuwa barabarani kama wetu wa Marikiti. Waliandikishwa, wakajengewa masoko yenye maji na mifereji, na kufikia 1986 wote wenye leseni walikuwa wamehamia. Nilikula wali wa kuku pale nikiwafikiria askari wa kaunti wanavyomwaga maembe ya watu.

Ijumaa niliswali Msikiti wa Sultan, Kampong Glam. Chini ya kuba kuna mkanda mweusi unaong'aa, na ukitazama vizuri unaona ni vitako vya chupa, mamia kwa mamia. Zilichangwa na Waislamu maskini waliotaka na wao wawe na sehemu yao katika jengo lile. Jirani yake ni Mtaa wa Waarabu, na majina ya Alsagoff na Aljunied, familia za Kihadhrami zenye asili ya Yemen, yako kwenye shule, barabara, hata kituo cha treni. Bahari ileile na watu walewale wa Hadhramaut waliofika Lamu na Mombasa! Hakuna hata kimoja kati ya vitabu vyangu kinacholisimulia hilo ipasavyo.

Anza na Lee, umfuate Liew ukiwa bado na moto wake, kisha Teo. Ukimsoma Lee peke yake, utarudi na nusu ya habari. Mimi sasa natafuta kitabu cha Wahadhrami wa Singapore. Aliye nacho anielekeze, nitakilipia nauli hata kama kiko Jeddah.