Nyaya za homu thieta: hela iende wapi

Kama bajeti ya nyaya ni ndogo, imalizie kwenye waya wa spika. HDMI ya pini za dhahabu haikuongezei utamu wowote wa sauti. Kinachopita humo ni data: ama inafika salama, ama sauti inakatikakatika na picha inapotea. Waya wa spika ndio unaobeba umeme wenyewe unaousukuma muziki, na hapo unene unasikika.

Chukua spika ya nyuma iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba. Waya wa 0.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) una ukinzani wa karibu omu 0.7, na kwa spika ya omu 4 takribani 15% ya nguvu inaishia njiani. Wa 1.5, unene uleule ambao mafundi umeme wanautumia kwenye taa, unapoteza kama 5%. Kwa sebule ya kawaida huo unatosha. Umbali ukizidi mita 10 na spika ni za omu 4, panda hadi 2.5. Chukua wenye nyuzi nyingi laini. Ule mgumu wa uzi mmoja unapitisha umeme vizuri tu, ila ukikunjwakunjwa nyuma ya kabati unakatika.

Kabla hujalipa, omba ukatiwe ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukitokeza weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayoandikwa CCA. Ukinzani wake unaizidi shaba kwa karibu nusu, yaani 1.5 yake ni kama 1 ya shaba. Si vibaya kuinunua kwa bei yake na kupanda unene. Ukiuziwa kwa bei ya shaba, umepigwa. Usiichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani.

Kutoka kwenye TV hadi kwenye amplifaya, chaguo letu la kwanza ni HDMI, ichomekwe kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye amplifaya) pande zote mbili. Washa CEC, inayowezesha vifaa kuamrishana kupitia HDMI, kwenye mipangilio (Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink) ili rimoti moja ipandishe sauti. Optiko, ule waya wenye mwanga mwekundu kwenye ncha, mwisho wake ni sauti ya Dolby Digital au DTS ya 5.1 (spika tano na sabufa), Atmos, yaani sauti inayotoka hata juu, haipiti. Faida yake ni kwamba unapitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo mvumo unaoingia kupitia TV, mathalani kutoka kwenye king'amuzi chenye dishi, unakomea hapo. Vua vile vifuniko vidogo vya plastiki kabla ya kuchomeka, na usiukunje kona kali. Spika za nyuma zikinyamaza, usikimbilie kununua mwingine: fungua mpangilio wa sauti wa TV, toa PCM, ambayo kwenye optiko hupitisha chaneli mbili tu, weka Bitstream, inayopitisha 5.1 kama ilivyo, au Auto.

Sabufa yenye amplifaya yake inahitaji RCA moja tu (waya wenye plagi ya duara na pini moja katikati), yenye wavu wa shaba chini ya ganda. Usiilaze sambamba na waya wa umeme. Pakilazimu, zipishane kama msalaba.

Kwenye kufunga, menya sentimita 1 na usokote nyuzi vizuri. Unywele mmoja ukigusa tundu la pili, amplifaya inaweza kujizima kujilinda. Waya wenye mstari uwe chanya kwenye spika zote. Moja ikigeuzwa, besi inakauka ingawa kila spika inaongea. Ukitilia shaka, chomoa waya kwenye amplifaya na uguse ncha zake na betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: karatasi ya spika ikiruka mbele, umefunga sawa, ikirudi nyuma, badilisha.