"Pwani Hakuna Kitu, Mzee": Usiku Wetu wa Michezo ya Mezani Hapa Lamu

Msiwapeleke wazee wenu kwenye ule mkahawa wa michezo. Nilisema nitangoja hasira ishuke ndipo niandike, lakini tangu Maulidi yapite kila nikikumbuka inapanda upya, basi naandika hivi hivi.

Jina silitaji. Ni mahali penye kabati zima la michezo ya mezani kutoka Ulaya. Mnalipa kwa kichwa, mnapewa meza, na kijana wao anakuja kuwafundisha. Bei na saa za kufungua zimebandikwa mlangoni, atakaye atazisoma. Mimi nina neno na huyo kijana.

Tulikwenda wanne: mimi, shemeji, binti wa shangazi yangu, na Ami. Ami ndiye aliyetuhimiza. Alikuwa amesikia kwamba kuna mchezo wa watu kujenga vijiji kisiwani na kufanyiana biashara, akasema huo lazima auone kwa macho yake. Ni mtu wa michezo tangu utotoni. Pale Mkunguni, mbele ya Ngome, akikaa kwenye bao la kete watu huacha dhumna zao waje kumtazama. Na ujana wake wote ulikuwa wa bahari, akipakia boriti za mikoko kwenye jahazi na kuzipeleka Mombasa. Hayo yawekeni akilini, yatahitajika.

Nikiwatendea haki, mwanzo ulikuwa mtamu. Tulianza na Dixit, mchezo uliobuniwa na daktari Mfaransa, Jean-Louis Roubira, na kutolewa 2008. Karata zake hazina nambari wala maneno, ni picha tu, zile picha za ajabu ajabu ambazo mtu huziona ndotoni. Mwenye zamu anachagua karata moja, anaifudikiza mezani na kutoa msemo. Wenzake nao kila mmoja anatoa karata anayoona inashabihiana na msemo huo, zinachanganywa, zinafunuliwa, mnakisia ipi ni yake. Wote wakiijua, hapati kitu. Asipoijua hata mmoja, hapati kitu vilevile. Lazima useme jambo nusu ulifunue na nusu ulifiche.

Sasa mchezo kama huo unawaletea watu waliolelewa kwa vitendawili na mafumbo! Binti wa shangazi alitufumba mpaka shemeji akashika kichwa. Ami zamu yake ilipofika aliweka karata, akasema maneno matatu tu: "Maji ya kifuu." Basi. Mimi na shemeji tukakimbilia picha zenye bahari na vyombo. Binti wa shangazi alikaa kidogo, akaimalizia methali kimoyomoyo, bahari ya chungu, akanyoosha kidole kwenye picha ya kiumbe kidogo kilichosimama mbele ya maji mengi. Ndiyo yenyewe. Yeye na Ami wakapata alama tatu tatu, na Ami alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mkewe afariki. Wale wa meza ya jirani waligeuka kututazama. Kama ningeondoka saa ile, hapa mngekuwa mnasoma sifa tupu.

Na kwa nini ulikwenda vizuri? Kwa sababu yule kijana alitueleza kwa haraka kisha akaitwa meza nyingine. Tuliachwa.

Codenames tuliurudisha kabatini. Mezani yanapangwa maneno 25, na seti yao yote ni ya Kiingereza. Ndipo tukaomba ule wa visiwa, Catan, na kijana akaja kusimama nasi.

Catan wenyewe sina ubaya nao. Ulibuniwa na Mjerumani, Klaus Teuber, ukatoka 1995 na mwaka huo huo ukashinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwao. Mnapanga kisiwa kwa vigae 19 vya pembe sita: msitu, udongo wa matofali, mashamba ya ngano, malisho ya kondoo, milima ya madini, na jangwa moja. Vigae, ukiondoa jangwa, vina nambari. Dadu mbili zikirushwa na nambari ikatoka, mwenye kijiji kando ya kigae hicho anapewa zao lake. Nambari 6 na 8 ni nyekundu kwa sababu hutoka kwa wingi kuliko zote ukiacha 7, na 7 haina kigae, hiyo ni ya jambazi. Mazao unayajengea, na ukipungukiwa unabadilishana na mwenye zamu kwa maneno mtakayokubaliana. Hapo binti wa shangazi alikuwa nyumbani kabisa. Kumtoa tofali moja ilikuwa kazi kuliko kumpunguzia bei muuza kanga.

Lakini moyo wa mchezo uko mwanzo kabisa, kabla dadu hazijarushwa, pale kila mtu anapochagua pa kuweka vijiji vyake viwili vya kwanza. Katikati ya kisiwa kijiji kinagusa vigae vitatu. Pwani kinagusa viwili au kimoja, sehemu nyingine ni bahari, ila pwani ndiko kwenye bandari. Asiye na bandari anatoa zao la aina moja manne ili apate moja alitakalo. Mwenye bandari ya zao lake anatoa mawili tu.

Ami alishika kijumba chake chekundu kati ya kidole gumba na cha shahada, akawa anakizungusha. Hakusema neno. Tunaomjua tunakijua kimya hicho. Ndicho anachokaa nacho kwenye bao, akizitembeza kete kichwani shimo kwa shimo mpaka ajue zitalala wapi. Kijana akaguna. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mzee, meza nyingine zangoja."

"Niate nifikiri, mwanangu," Ami akasema, kwa upole wake ule ule.

Kisha akakiweka pwani. Pembe aliyoichagua iligusa malisho ya kondoo yenye 8 nyekundu, na mbele yake ilikuwepo bandari ya sufu. Nilipoona nilisisimka, maana alikuwa ameuona mchezo mzima kabla hatujaanza: 8 ikitoka anapata sufu, sufu mbili anageuza chochote akitakacho.

Yule kijana akakichukua kijumba. Hakuomba, hakusema samahani. Alinyoosha mkono mbele ya uso wa mtu mzima, akaking'oa alipokiweka, akakipachika katikati ya kisiwa. "Pwani hakuna kitu, mzee. Wanaoanza wote hukosea hapo."

Pwani hakuna kitu. Lamu. Anaambiwa nahodha.

Ami alimweleza. Akamwonyesha bandari kwa kidole, akamwonyesha 8, akamhesabia sufu. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mjukuu wake. Na kijana, mbele ya meza mbili zilizojaa watoto wa rika la wajukuu zake Ami, akajibu: "Mzee, hili si bao la barazani. Huku watu hutumia akili."

Nasema kwa yeyote asiyejua: bao lina mashimo 32 na kete 64. Mnaanza kila mmoja na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja, na zikishaingia zote ndipo mnafika mtaji, sehemu ya pili ya mchezo, ambapo mkono mmoja unaweza kuzunguka, ukala, ukazunguka tena, na fundi ameshajua utakapoishia kabla hajauinua. Hakuna dadu ya kukuokoa wala karata ya bahati. Mtu huyo ndiye anayeambiwa hajui kutumia akili, na anayemwambia si mgeni aliyeshuka jana kwenye boti, ni mtoto wa mji huu, bila shaka amepita Mkunguni maisha yake yote na kuwaona wazee wakiwa wameinamia ubao.

Mimi nilisimama. Shemeji naye. Binti wa shangazi akamwambia arudishe kijumba pale alipokitoa. Ami akatukataza. "Mwateni. Keshaweka." Akacheza mchezo wote uliobaki kwa adabu, akirusha dadu, akipokea karata zake, bila kutoa rai hata moja.

Shemeji zamu yake ya kuweka ilipofika aliweka kijiji chake pale pale, bandari ya sufu, akamtazama Ami. Na 8 zilitoka usiku ule mpaka tukachoka kugawa kondoo. Sufu zikawa tofali, zikawa ngano, zikawa madini. Shemeji akafika alama 10, akashinda, tukiwa sisi wote mbali. Mnajua kijana alisema nini alipopita mezani? Alimpiga shemeji begani: "Umecheza kwa akili."

Nilimfuata mwenye mkahawa hapo hapo. Akaniambia ni kijana, nimsamehe, na kwamba ni mchezo tu, mbona tunauchukulia kwa uzito hivyo. Mtu anayeishi kwa kuuza michezo ananiambia ni mchezo tu!

Nimejaribu kumtafutia kijana udhuru, kama tulivyofundishwa. Pengine alichoka, mahali palikuwa pamejaa. Pengine amefundishwa kuharakisha meza ili wengine waingie. Na kweli sheria anazijua, anazieleza kwa Kiswahili kizuri, na wale wa meza ya jirani aliwahudumia vizuri sana. Nilifika mahali pa kutaka kuandika kwamba vijana nendeni tu, ombeni Dixit, mwambieni awaache wenyewe, mtafurahi. Na mtafurahi, sikatai. Lakini ukiketi mezani, jambo pekee lililo lako ni pale unapochagua. Dadu si zako, karata hukuzipanga. Kijana huyu aliingiza mkono mahali hapo hapo, kisha akamtukana aliyenyang'anywa. Hilo uchovu hauliletei mtu.

Juzi nilimwambia Ami kuna jamaa anakuja kutoka Nairobi, nimwagize Catan yetu tuicheze barazani. Akasema, "Huo ni mchezo wa wenye akili, mwanangu," akageukia bao lake. Aliyasema kwa dhati, na hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Mwenye mkahawa amenitumia ujumbe kwamba atanirudishia pesa. Pesa sizitaki. Namtaka yule kijana aje Mkunguni baada ya alasiri, amwamkie Ami, amtake radhi mbele ya watu kama alivyomtukana mbele ya watu. Ami atamsamehe kabla hajamaliza kusema, namjua. Mimi nitataka kuyasikia maneno yote mpaka mwisho. Akifanya hivyo nitarudi, na nitawaleta wazee wa baraza nzima, nao watawajazia meza zao. Asipofanya, nyota ni moja, na hiyo moja ni ya Dixit.