Miaka sita na injini ya 1ZZ-FE ya Toyota: naipenda, ila usipochomoa stiki ya kupimia oili itakuua

Naona watu wengi wanauliza kama gari yenye 1ZZ ni ya kununua au ya kukimbia, na majibu ni ya aina mbili tu, wengine wanasema haifi hata ufanyeje, wengine wanakwambia hiyo inakula oili kama maji usiguse. Mi nimeishi nayo miaka sita kwenye gari ya familia, watoto nyuma mizigo juu, na naona pande zote mbili zimeshika ukweli nusu nusu.

Kwanza tuijue. 1ZZ-FE ni petroli ya lita 1.8, cc 1794 kamili, silinda 4, valvu 16, kipenyo cha silinda milimita 79 na pistoni inatembea milimita 91.5, yaani njia ni ndefu kuliko upana, ndio maana inavuta vizuri chini bila kuikamua. Za mwanzo zilitoka na Corolla ya 1998 zikiwa na nguvu za farasi 120 hivi, baadae wakaweka VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, zikapanda, za kwenye Celica zinafika kama 140. Torki, yaani nguvu ya kuvuta, ni kama Nm 170 kwenye mizunguko 4,200 kwa dakika. Utaikuta kwenye Corolla, Avensis, Premio, Allion, Wish, RAV4 ndogo ya 1.8, mpaka MR2, kwahiyo spea zipo na fundi yeyote ameshaifungua.

Ukitoka kwenye injini ya 7A, ile Toyota ya zamani ya bloku la chuma na beliti, hii utaisikia nyepesi. Bloku ni alumini, ndani ya silinda kuna slivu nyembamba za chuma, na taimingi, yaani mpangilio wa valvu kufuata pistoni, inaendeshwa na cheni sio beliti. Ukiijali kwa oili safi hiyo cheni inavuka kilomita 200,000 bila kuguswa. Kwenye mafuta haina tamaa, barabara ndefu mwendo wa 100 imetulia unaongea na mwenzio bila kupaza sauti, na kuwaka asubuhi haijawahi kuninyima hata siku moja.

Sasa tuje kwenye kula oili maana hapa ndio penyewe.

Pistoni ina ringi tatu, mbili za juu zinazuia mgandamizo usitoroke na ya tatu ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Ile oili inayokwanguliwa inapita kwenye vitundu vidogo nyuma ya ringi. Kwenye pistoni za miaka ya mwanzo vile vitundu ni vidogo na vichache, oili inakaa pale kwenye joto kali, inaiva, inageuka masizi meusi magumu, vitundu vinaziba na ringi inaganda kwenye mfereji wake, haichezi tena. Ikishaganda haikwangui kitu, oili inapanda juu inaungua na petroli. Halafu kibaya zaidi, oili ikipungua ile iliyobaki inafanya kazi ya wote, inapata joto zaidi, inaiva haraka zaidi, masizi yanaongezeka, ni duara linalojizungusha lenyewe mpaka unajikuta unaongeza lita nzima ndani ya kilomita 1,000. Kiwanda kilibadilisha pistoni na ringi, injini zilizotoka kuanzia katikati ya 2005 zina mpangilio mpya na tatizo hili limepungua sana. Kwahiyo mtu akikwambia 1ZZ haili oili na mwingine akakwambia inakula, muulize kila mmoja injini yake ni ya mwaka gani. Injini nasema, sio gari, maana gari ya 2006 inaweza kuwa imewekewa injini ya 2001 na hujaambiwa.

Nikueleze kilichonikuta mimi. Gari niliinunua ikiwa imetumika, nikaambiwa sevisi imefanyika juzi tu, stika ya oili imebandikwa kabisa kwenye kona ya kioo. Nikapiga safari ndefu na familia, dashibodi safi hakuna taa hata moja. Tumesimama kujaza mafuta, kuna mzee mmoja dereva wa lori alikuwa pembeni akasikia injini ikiunguruma akanisogelea, "Kijana, oili umeangalia lini?" Nikamjibu, "Mzee, imefanyiwa sevisi wiki mbili zilizopita." Akasema, "Zima, subiri dakika tano, chomoa stiki tuione." Nikachomoa, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Stiki ilikuwa kavu, kwenye ncha kabisa kuna tone moja jeusi kama wino, chini ya alama ya pili. Injini hii inabeba kama lita 3.7 na filta yake, na pale ziliingia karibu 2 ndio stiki ikasoma vizuri. Zaidi ya nusu haikuwepo na taa haijawaka! Aliyefanya hiyo sevisi alimimina pungufu, na juu yake kulikuwa na oringi, pete ya kuzuia uvujaji, imechoka inavujisha. Nikamshukuru yule mzee mpaka leo namuombea.

Shikeni hili: ile taa nyekundu ya kopo la oili haipimi oili imebaki ngapi, inapima presha. Pampu ikiwa bado inapata cha kunyonya taa inabaki kimya, siku inawaka ujue beringi tayari zinasagana. Mi nachomoa stiki kila nikijaza mafuta, gari ikiwa sehemu tambarare, mke wangu pia anajua, kijana wangu wa miaka kumi anajua.

Hiyo oringi ninayosema ni ya tenshena ya cheni, kifaa kinachoikaza cheni isilegee. Kwenye 1ZZ tenshena imefungwa kwa nje upande wa mkanda kwa nati mbili, na ile oringi yake ikikauka inavuja taratibu, oili inatiririka pembeni ya injini inajaa vumbi na mtu anadhani ni sili ya krenki au gasketi ya kava la juu, anabadilisha vitu vitatu na uvujaji uko palepale. Kabla hujakubali kufunguliwa injini mwambie fundi amulike pale kwanza. Ni oringi ndogo kama pete. Ila asizungushe injini tenshena ikiwa nje na akirudisha airudishe ile pini yake ikiwa imesukumwa na kufungwa ndani vizuri, cheni ikiruka meno hapo umeanza kesi nyingine.

VVT-i nayo inataka oili safi, sio kingine. Inafanya kazi kwa presha ya oili kupita kwenye njia nyembamba, kuna kichujio kidogo cha wavu kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini, kinaziba kwa uchafu, na ukiona kwenye mashine ya kupima kodi P1349, ile ya hitilafu ya VVT-i, gari nzito, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, anza na hicho kichujio na valvu yake kuvisafisha kabla hujanunua kitu. Na hapa kuna mafundi wanaharibu, gari ikila oili wanakuwekea nzito kabisa 20W-50 ili moshi upungue. Moshi kweli unapungua lakini oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu, cheni inagonga sekunde kadhaa na VVT-i inalala. Iliyopangwa ni 5W-30, na mi nabadilisha kila kilomita 5,000 sisubiri 10,000, kwenye injini hii naona ndio uhai wenyewe.

Joto. Alumini na slivu nyembamba havivumilii kuchemsha. Ikichemsha vibaya mara moja hedi inapinda, na silinda zikiisha hakuna kuchonga uweke pistoni kubwa kama tulivyozoea kwenye injini za chuma, kiwanda hakikutoa saizi za juu, ni kutafuta bloku lingine. Koolanti ya kweli, sio maji ya bomba, na sindano ya joto ikipanda simama papohapo hata kama umebakiza kilomita moja kufika.

Vingine ni vidogo, sensa ya hewa na throto, ule mlango wa hewa, kuchafuka, kwenye nchi za baridi gasketi ya manifoldi ya hewa inasinyaa ikiwa baridi na kuleta kodi P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, inakufa kama injini imekula oili muda mrefu, kwahiyo kodi yake P0420 kwenye 1ZZ usikimbilie kubadilisha katalitiki, uliza kwanza oili inaenda wapi.

Ukienda kuangalia ya kununua fika injini ikiwa baridi, mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Chomoa stiki kabla ya kitu chochote. Fungua mfuniko wa oili uchungulie, rangi ya kahawia kama asali haina neno, ukiona tope jeusi limegandia funga ushukuru uondoke. Washa, usikilize cheni sekunde za mwanzo. Ikishapata moto iache sailensa dakika tano kisha kanyaga, mtu asimame nyuma aangalie, moshi wa bluu ndio oili yenyewe. Ukipata nafasi fungua plagi moja moja, yenye ukoko mweusi wenye mafuta inakuonyesha silinda gani imechoka.

Na kama tayari unayo na inakula, anza na valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini na kuurudisha uungue, ni kitu kidogo na mara nyingine ndio kisa chote. Kuna wanaomwaga dawa ya kuyeyusha masizi juu ya pistoni ikalala usiku kucha, inasaidia kama ringi zimeganda tu, kama zimelika haisaidii. Dawa kamili ni kufungua na kuweka pistoni na ringi za muundo wa baadae, usikubali kuwekewa ringi mpya juu ya pistoni zile zile zenye vitundu vidogo, utarudi hapo hapo.

Yangu sasa inapunguza kidogo sana kati ya sevisi na sevisi, oringi ilibadilishwa wiki ile ile, na jana jioni stiki ilisoma alama ya juu.