Superman ya James Gunn: Kwa Nini Watazamaji wa Dodoma Hawajakubaliana

Filamu ya Superman iliyoandikwa na kuongozwa na James Gunn ilianza kuonyeshwa duniani mwezi Julai 2025, na tangu ilipofika Dodoma, iwe kwenye vibanda umiza vya Chang'ombe na Majengo au kwenye kompyuta za wanafunzi waliopanga mageto kule Ng'ong'ona, imezua ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Wapo wanaoapa kwamba hii ndiyo Superman bora kupata kutengenezwa, na wapo wanaosema stelingi ameshushwa hadhi. Mimi niko upande wa walioipenda, tena sana, lakini malalamiko ya wenzangu nimeyasikiliza kwa makini na baadhi yake yana uzito. Ambaye bado hajaitazama atambue mapema kwamba nitataja mambo ya katikati na ya mwishoni, kwa sababu ubishi wenyewe unatokana na mambo hayo.

Lalamiko linalorudiwa kuliko yote ni kwamba Superman anapigwa. Filamu inaanza kwa maandishi yanayohesabu muda kurudi karibu: miaka 300 iliyopita, miaka 30, miaka 3, wiki 3, saa 3, mpaka dakika 3 zilizopita, ambapo mwenye nguvu kuliko wote duniani ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza. Hapo hapo tunamwona akiporomoka kutoka angani na kujibamiza kwenye barafu ya Antaktika, amevunjika mbavu, damu inamtoka mdomoni, na kwa taabu anapiga mluzi kumwita mbwa wake, Krypto, ambaye anakuja mbio na badala ya kumsaidia anamrukia na kumkanyaga kwa furaha. Watoto hupenda sana kipande hicho. Vijana wengi wa rika langu hawakukipenda, kwa kuwa walikuja kumwona mtu ambaye risasi humdunda, wakakutana na mtu anayelia kwa maumivu.

Hasira hiyo ina historia yake, na si haki kuipuuza. Tangu mwaka 2013, kwa kizazi kizima cha watazamaji, Superman alikuwa Henry Cavill katika Man of Steel ya Zack Snyder: kifua kipana, sauti nzito, rangi za filamu zilizofifia, na ukali usoni. Oktoba 2022 Cavill mwenyewe alitangaza kwamba amerudi, baada ya kuonekana kwa muda mfupi mwishoni mwa filamu ya Black Adam. Miezi miwili haikuisha kabla hajatangaza tena kwamba harudi, kwa sababu James Gunn na Peter Safran walikuwa wamekabidhiwa uongozi wa DC Studios, studio inayotengeneza filamu za Superman, na waliamua kuanza upya. Shabiki aliyefurahi Oktoba akavunjwa moyo Desemba hawezi kumpokea David Corenswet kwa mikono miwili, hata kama Corenswet hakumkosea lolote. Ninayemlaumu ni yule anayeitazama filamu ya 2025 mwanzo hadi mwisho akitafuta filamu ya 2013 ndani yake.

Tofauti kubwa baina ya hizo mbili inaonekana katika namna zinavyowatendea watu wa kawaida. Katika ile ya 2013 mji wa Metropolis unabomolewa ghorofa baada ya ghorofa, na mwishoni Superman anamvunja shingo adui yake, Jenerali Zod, tendo ambalo mashabiki wa hadithi za vibonzo walilibishania kwa miaka mingi. Katika hii ya Gunn, dubwana kubwa linapovamia mji, Superman yumo vitani kwa mikono miwili lakini macho yake yako chini barabarani: anazuia vitu visiwaangukie watu, anatafuta namna ya kulikamata dubwana bila kuliua, na katikati ya vurugu hiyo anainama na kumwondoa kindi mmoja aliyekuwa karibu kukanyagwa. Kipande hicho cha kindi kimechekwa sana hapa mjini. Mimi kilinigusa, kwa sababu kinaeleza kwa tendo moja yule mhusika ambaye Jerry Siegel na Joe Shuster walimleta kwa wasomaji mwaka 1938. Mashujaa wenzake wanataka kuua na kuondoka, na yeye peke yake ndiye anayehuzunika dubwana linapokufa. Wema wake unamchosha, unamchelewesha, na mara nyingine unamfanya apigwe zaidi, na filamu haioni aibu kuuonyesha wema huo kuwa ni kazi ngumu.

Kuhusu bukta nyekundu iliyovaliwa juu ya suruali, ambayo wengine wameiita ya kitoto, sina mengi ya kusema. Ndiyo vazi la asili la mhusika, Christopher Reeve alilivaa mwaka 1978, na mtu anayeruka angani akitaka mtoto asimwogope anafaa kuvaa rangi zinazochangamka.

Jambo ambalo nadhani limechangia mgawanyiko wetu kuliko vazi au kipigo ni namna kila mmoja alivyoitazama filamu. Walioitazama kwenye kibanda umiza waliitazama ikiwa imetafsiriwa: sauti ya awali imeshushwa, na juu yake mtafsiri anasimulia, anafafanua, anawapa wahusika majina ya utani na kuongeza chumvi panapofaa. Sanaa hiyo naiheshimu, kwani bila watu kama marehemu Lufufu wengi wetu tusingezipenda filamu za kigeni tangu utotoni, na yale maandishi ya mwanzo niliyoyataja yalisomwa na mtafsiri vizuri mno, kwa sauti iliyopanda hatua kwa hatua hadi ukumbi ukatulia. Lakini roho ya filamu hii iko katika mahojiano kati ya Lois Lane na Superman, na hapo tafsiri niliyoisikia ilishindwa kabisa.

Katika kipande hicho wapenzi hao wako nyumbani kwa Lois, na Clark, yaani Superman katika maisha yake ya kawaida, anakubali kuhojiwa kama Superman. Wanaanza kwa utani. Dakika chache baadaye Lois, anayeigizwa na Rachel Brosnahan, anamuuliza maswali ya mwandishi wa habari wa kweli: nani alikutuma uingilie vita kati ya nchi ya Boravia na jirani yake Jarhanpur? Ulishauriana na Rais? Ulifikiri nini ulipombeba kiongozi wa Boravia mpaka jangwani na kumtisha? Corenswet anaanza kujibu kwa upole, kisha shingo inakaza, sauti inapanda, na mwishowe anafoka kwamba watu walikuwa wanakwenda kufa. Hakuna ngumi wala mlipuko, na bado ndilo pambano kali kuliko yote katika filamu nzima, kwa sababu wote wawili wana hoja na wote wawili wanapendana. Mtafsiri wa nakala ile, akiona watu wawili wamekaa wanaongea, alitufupishia kwamba "hapa wanagombana mambo ya mapenzi", akaendelea kueleza habari za Lex Luthor, adui mkuu wa Superman. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuangalia simu zao. Siwashangai kwamba walitoka wakisema katikati ya filamu kunachosha, lakini wanafunzi walioitazama kwa maandishi ya chini ya skrini wanakitaja kipande hicho hicho kuwa ndicho bora.

Kisha unakuja ujumbe wa wazazi wa Krypton, sayari alikozaliwa Superman, na hapa ndipo Dodoma ilipogawanyika kwelikweli. Superman amekuwa akijifariji kwa ujumbe ulioharibika nusu, ambamo wazazi wake wa damu wanasema wanampenda. Luthor anavamia ngome yake, nusu iliyopotea inarejeshwa, na dunia nzima inasikia kwamba wazazi hao walimwagiza aje kuwatawala wanadamu, kwa kuwa ni dhaifu, na ajitwalie wake wengi ili uzao wa Krypton uendelee. Filamu haiukani ujumbe huo hadi mwisho. Kwa mashabiki wa zamani hili ni kosa lisilosameheka, kwani katika hadithi nyingi za vibonzo na katika filamu zilizotangulia, Jor-El ni baba mwenye hekima aliyemtuma mwanawe kuwa nuru kwa watu.

Kwenye kibanda nilipokuwa, kijana mmoja alisimama kabisa. Mlangoni alikuwapo mama anayeuza zabibu na ubuyu, ambaye alikuwa ameacha biashara na kuegemea nguzo akitazama. Kijana akamgeukia: "Umeona, mama? Kumbe katumwa kuja kututawala!" Yule mama hakuondoa macho kwenye skrini. "Mwanangu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwani wale wazee wa shambani waliomlea walimtuma hivyo?"

Hakuwa ameona bado kinachofuata, lakini ndicho hasa kinachofuata. Superman akiwa amedhoofika anapelekwa kwa akina Kent, Smallville, na baba yake mlezi, mzee mnene asiye na maneno mengi, anaketi naye nje na kumwambia kwamba mzazi hayupo kumpangia mtoto awe nani, na kwamba matendo ya mtu na maamuzi yake ndiyo yanayomfanya awe alivyo. Pruitt Taylor Vince anayaigiza hayo kwa machozi yaliyobanwa, bila mbwembwe, na kwangu hakuna baba wa Superman aliyewahi kunishawishi kiasi hicho. Ubaya wa ujumbe wa Krypton ndio unaokipa kipande hiki maana. Kama wazazi wa damu wangekuwa watakatifu, Superman angekuwa mtoto mtiifu tu anayetekeleza maagizo. Sasa amekuwa mtu aliyechagua. Wanaotaka Jor-El abaki mwema naelewa wanachokitetea, ila sidhani kwamba wanatambua gharama yake kwa filamu hii.

Kule Marekani ubishi ulikuwa pia wa siasa, baada ya Gunn kusema kwenye mahojiano kwamba Superman ni hadithi ya mhamiaji, na baadhi ya watu wakachukia. Hapa kwetu jambo hilo halikumsumbua mtu. Dodoma imejaa waliokuja: mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukaanza kupokea watumishi wa Serikali kwa wingi baada ya 2016, umezoea kumpima mgeni kwa anavyoishi na majirani zake. Lililotusumbua, na ninaliandika kwa uchungu, ni namna filamu inavyowaonyesha watu wa Jarhanpur. Ni wakulima maskini wenye majembe na fimbo, wanakabiliwa na vifaru, na mtoto wao anainua bendera yenye nembo ya Superman huku wakiliita jina lake. Hatumjui hata mmoja wao kwa jina. Hawana kiongozi anayezungumza, hawana mpango, wanasubiri tu kuokolewa. Filamu inayojali kindi ingeweza kuwapa watu hao dakika mbili za kuwa watu. Vivyo hivyo kwa Malik Ali, muuza chakula wa mtaani ambaye alimsaidia Superman kusimama alipoanguka: Luthor anamuua mbele ya Superman ili kumtesa, ukumbi mzima ulinyamaza, na baada ya hapo filamu inamtaja kidogo mno. Kifo kile kilistahili maombolezo marefu zaidi.

Kasoro nyingine ni msongamano. Kuna kundi la mashujaa watatu, kuna Metamorpho na mwanawe, kuna nakala ya Superman iliyotengenezwa na Luthor, kuna ulimwengu mdogo wa siri wenye magereza ndani yake, na mji unapasuka katikati. Asiyejua hadithi hizi anapotea, na katika hilo walalamikaji wana haki yao yote. Hata hivyo msongamano huo umetupatia Mister Terrific, mmoja wa mashujaa hao watatu, anayeigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, ambaye anawaangusha walinzi wa Luthor kwa mipira yake inayoruka huku uso wake haubadiliki hata kidogo. Kibanda kililipuka kwa shangwe. Nicholas Hoult naye ni Lex Luthor wa kutisha kwa sababu chuki yake ni wivu mtupu, na mwishoni anaukiri akilia. Wimbo wa John Williams wa mwaka 1978 umerudishwa kwa gitaa la umeme, na kila unaposikika kwenye sabufa kubwa, hata waliokuwa wananung'unika hukaa sawa.

Kwa anayetaka kuitazama, ushauri wangu ni aitafute katika sauti yake ya awali yenye maandishi ya tafsiri, kisha akipenda aifuate iliyotafsiriwa kwa ajili ya raha ya ukumbini. Kwa watoto wadogo inafaa kwa sehemu kubwa, ila mzazi awe karibu wakati wa kifo cha Malik, ambacho ni kikali kuliko mengine. Na kwa watafsiri wetu nina ombi moja: kwenye yale mahojiano ya Lois na Clark, tafsirini neno kwa neno, swali kwa swali na jibu kwa jibu, kisha mashabiki wa vibanda waamue wenyewe kama kunachosha.