Kamera ya Kwanza Uganda: Ipi Ununue, Ipi Uache

Anayetaka kuanza kupiga picha kwa mapenzi yake tu, bila nia ya biashara, mara nyingi huanza kwa kulinganisha megapikseli. Mimi ningemwomba aanze na fundi. Kamera hii ikikwama, ni nani Kampala ataifungua? Betri yake ikifa, nyingine inauzwa wapi? Je, kuna rafiki au jirani mwenye lenzi inayoingia kwenye kamera hiyo, ambaye anaweza kukuazima Jumamosi moja? Kamera isiyo na wenzake mjini hata iwe nzuri vipi huishia kabatini. Kwa kipimo hicho nimezipanga hapa, kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu leo hii.

Ninamfikiria mtu mwenye takriban shilingi milioni mbili kwa kila kitu: kamera, lenzi, kadi na begi. Anapiga picha za familia, za mitaani, za safari ya Jinja au Sipi, na za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho wa wachumba, ya binamu yake.

Namba moja: Canon 80D au 200D iliyokwisha tumika

Hizi ni DSLR, kamera zenye kioo cha kuakisi ndani. Watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wa harusi wanawafuata huko, kwa hiyo wanauza walizokuwa nazo. Nafuu ya mnunuzi mpya iko hapo.

80D ilitoka mwaka 2016. Ina megapikseli 24, nukta 45 za fokasi (sehemu ambazo kamera inaweza kuzilenga ili zitoke wazi), na inatumia betri za familia ya LP-E6, zilezile zinazoingia kwenye 70D, 6D na 5D Mark III. Faida yake utaiona siku betri itakapokuishia katikati ya sherehe huko Masaka: mpiga picha aliyelipwa kwa kazi hiyo, kama anatumia Canon ya kizazi hicho, ana betri mfukoni inayoingia kwako. 200D ya mwaka 2017 ina megapikseli hizohizo, ni nyepesi (gramu 450 hivi pamoja na betri) na skrini yake inageuka kila upande. Ukichungulia kwenye kitundu chake cha kutazamia utakuta nukta tisa tu za fokasi, lakini ukipiga kwa kutumia skrini, fokasi yake ni ya haraka na ya uhakika. Anayezunguka mjini kwa boda na begi dogo achukue 200D. Anayetaka kupiga mpira wa watoto au ndege wanaoruka atafute 80D.

Usibabaishwe na majina. 200D iliyotoka Marekani imeandikwa Rebel SL2, na ya Japani imeandikwa Kiss X9. Ni kamera ileile. Chaja yake ya Marekani nayo inakubali umeme wetu wa volti 240; utahitaji adapta ya soketi tu.

Sababu kubwa ya kuipa Canon nafasi ya kwanza ni lenzi. Mlango wake wa lenzi, unaoitwa EF, ulianza mwaka 1987, na lenzi yoyote ya EF ya tangu wakati huo inaingia kwenye bodi hizi (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi) na fokasi yake inafanya kazi. Siku utakayohamia kamera za Canon zisizo na kioo, kuna adapta inayokuruhusu kwenda na lenzi zako zote.

Pesa iende kwenye lenzi

Bodi isimeze zaidi ya theluthi mbili ya bajeti yako. Kama 80D inavuka hapo, shuka hadi 200D, au hata 700D ya mwaka 2013 yenye megapikseli 18, ili ubaki na pesa ya lenzi ya pili. Mpiga picha mwenye 700D na lenzi mbili atapata picha nyingi nzuri kuliko mwenye 80D na lenzi moja iliyokuja nayo.

Lenzi hiyo ya pili ni 50mm f/1.8 STM. Chukua sebule ya kawaida saa mbili usiku, balbu moja, mtoto anacheza sakafuni. Lenzi ya 18-55mm, ile inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), na kamera italazimika kuacha shata, pazia lake la ndani, wazi labda kwa 1/15 ya sekunde. Mkono wa mtoto utatoka kama moshi. Weka 50mm, fungua f/1.8: mwanga unaoingia ni karibu mara kumi zaidi, na sasa unaweza kupiga kwa 1/125. Mtoto ametulia kwenye picha, macho yanang'aa, na vitu vya nyuma yake vimelainika. Hakuna bodi mpya itakayokupa badiliko hilo kwa bei ya lenzi hii ndogo.

Kasoro yake ni kwamba kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ndogo kama hizi, 50mm inaona finyu, sawa na 80mm ya kamera za fremu kamili, zenye sensa kubwa zaidi. Ndani ya chumba kidogo utajikuta umeegemea ukuta. Mtu ambaye picha zake nyingi ni za nyumbani na mitaani, pale Owino au kwenye kituo cha taksi, anaweza kuanza na 24mm f/2.8 STM, nyembamba kabisa na haimtishi mtu. Za kuvuta mbali ziko pia: 55-250mm STM inatosha kwa safari ya kwanza ya mbuga ya Murchison.

Kukagua kamera iliyotumika

Hapa usiwe na haraka hata kidogo, na muuzaji anayekuharakisha mwache. Kutaneni mchana, kwenye duka la fundi au jengo lenye walinzi. Usitume pesa ya mobile money kwa kitu ambacho hujakishika.

Adui wa kwanza wa lenzi katika nchi yetu ni kuvu. Unyevu wa ukanda wa ziwa, kuanzia Entebbe hadi Jinja, pamoja na begi lililofungwa miezi mitatu, vinatosha kuiotesha ndani ya kioo. Toa lenzi kwenye bodi, washa tochi ya simu, imulike kutoka upande mmoja huku ukitazama upande mwingine kwa pembe, ukiizungusha polepole. Vumbi kidogo halidhuru. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni. Ukiziona, irudishe. Kuisafisha ni kazi ya kuifungua lenzi nzima, na kuvu iliyokaa sana hula hata tabaka la juu la kioo cha lenzi.

Kisha sensa. Weka f/16, ilenge mbingu au ukuta mweupe, piga, kuza picha kwenye skrini. Vidoa vya kijivu vinavyokaa palepale kwenye kila picha ni vumbi la murramu, nalo husafishika. Mistari au nukta zenye rangi kali hazisafishiki.

Uliza shata imepiga mara ngapi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo piga picha moja uisome kwenye kompyuta. Kwa Canon hizi, fundi huichomeka kwa waya na kuisoma kwa programu. 80D ilipimwa kuhimili takriban mara 100,000. Iliyokwisha piga 30,000 bado ina maisha marefu, iliyotoka kwa mpiga picha wa harusi ikiwa na 140,000 punguziwe bei kweli kweli au uiache.

Fungua menyu uone lugha. Kuna kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa za Sony, ambazo menyu yake haitoki kwenye Kijapani. Mwisho, linganisha namba iliyochapwa chini ya bodi na ile ya kwenye boksi au risiti, maana kamera za wizi zinazunguka mjini na zinaumiza watu wawili, aliyeibiwa na atakayenyang'anywa.

Namba mbili: Nikon D5600 au D7200

Kwa picha zenyewe Nikon haimwogopi mtu. Sensa yake ya megapikseli 24 inastahimili kuinuliwa vivuli vizuri sana, jambo linalofaa nchi yenye jua la utosini kama yetu. Betri ya D5600 inakaa siku nzima. Inakuwa ya pili kwa sababu moja: bodi ndogo za familia za D3000 na D5000, D5600 ikiwemo, hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D, ambazo ni za bei rahisi, utazizungusha kwa mkono. D7200 ya 2015 ina mota hiyo. Ukichagua Nikon, lenzi yako ya kwanza iwe 35mm f/1.8G DX.

Kama kaka au shangazi yako ana Nikon na lenzi tatu nyumbani, basi Nikon ndiyo namba moja yako.

Namba tatu: Sony a6000

Ilitoka 2014 na bado ina kasi, picha 11 kwa sekunde, na inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Wanaopenda video nao huvutiwa nayo. Ila betri yake inaisha baada ya picha 360 hivi, kwa hiyo utanunua mbili au tatu, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari utajuta kutokuwa nazo. Lenzi zake nzuri ni ghali. Pia sensa iko wazi kila unapobadilisha lenzi, na kwenye barabara ya vumbi ya Karamoja hilo si jambo dogo.

Namba nne: mpya dukani, Canon R50

Kwa anayetaka boksi lililofungwa na waranti, R50 ya 2023 ni kamera safi: fokasi yake inashika jicho la mtu na hailiachi. Bajeti ya milioni mbili itakaza, ndiyo maana iko hapa. Angalia isije ukauziwa R100 ukidhani ni hiyohiyo. R100 skrini yake haigeuki na haiguswi.

Wapenzi wa ndege wana mlango wao

Nikon P900 na P950 hazibadilishi lenzi, sensa yake ni ndogo kama ya simu, lakini zinavuta hadi sawa na 2000mm. Kwenye mtumbwi wa kinamasi cha Mabamba, korongo-nyangumi (shoebill) akiwa amesimama bila kutikisika ng'ambo ya mafunjo, kamera hii itakuletea hata jicho lake. Lenzi ya kufanya hivyo kwenye DSLR ingekuwa mzigo wa kilo kadhaa na bei ya kutisha. Chagua P950 ukiweza, maana inatoa faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazibana, na P900 haitoi.

Usiende nayo Bwindi ukitegemea makubwa. Gorila huwa mita chache kutoka kwako, msitu una giza, flashi imekatazwa, na muda wako nao ni saa moja. Hapo 50mm f/1.8 inaishinda kwa mbali. Na kwa kuwa manyoya yao ni meusi, kamera yoyote hudhani kuna giza kuliko lilivyo na kupausha picha, basi punguza mwanga kwa kiwango kimoja, -1, weusi ubaki weusi.

Za kuacha

Kamera zisizojulikana jina zinazotangaza 4K na megapikseli 48 kwa bei ya simu ndogo: zumu yake (kuvuta mbali) ni ya kukata picha na kuikuza tu. Canon za M, kwa mfano M50, zinapiga vizuri lakini Canon imeshaufunga mfumo wa EF-M, na lenzi zake zitazidi kuadimika. Seti zenye tripodi, filta na "lenzi za ziada" za kubandika mbele nazo ni mapambo ya boksi.

Simu yako je? Usiiache. Ina kazi yake kila siku. Fedha za kubadilisha simu ndizo ningeelekeza kwenye kamera.

Kuhariri na kuhifadhi

Piga RAW tangu siku ya kwanza. Kwenye kwanjula utaelewa kwa nini: tenti la kijani au la bluu humwaga rangi yake kwenye nyuso za wageni, kanzu nyeupe zinaungua juani, na nyuso nyeusi zinazama kivulini, vyote kwenye picha moja. JPEG itakuruhusu kurekebisha kidogo. RAW itakurudishia rangi ya ngozi, mikunjo ya kanzu na wekundu wa gomesi, vazi la heshima la wanawake, bila kuivunja picha.

Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee ni za bure na zina nguvu. Darktable inahitaji uvumilivu wa wiki za mwanzo. Mwenye Canon anapewa Digital Photo Professional bure, mwenye Nikon ana NX Studio, nazo ni rahisi kuanzia. Lightroom ni nzuri lakini unailipia kila mwezi kwa dola, kwa hiyo ningeiahirisha. Asiye na kompyuta atumie Snapseed kwenye simu, ni bure na inatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza.

RAW moja ya megapikseli 24 huwa MB 25 hadi 30. Kadi ya GB 64 itabeba picha 2,000 hivi, mradi iwe halisi. Za bandia ni nyingi, kwa hiyo ijaze yote nyumbani siku uliyoinunua, ukiwa bado na risiti, uone kama faili za mwisho zinafunguka. Halafu nunua diski ya nje kabla ya kufikiria lenzi ya tatu.