The Dinner Party pale Brooklyn Museum: nenda, ila usiende na haraka

Kama uko New York au una safari ya huko, pita Brooklyn Museum ghorofa ya nne uone hii meza, kazi ya sanaa ya msanii Mmarekani Judy Chicago, imeanza 1974 ikaisha 1979 na watu zaidi ya 400 wametia mkono. Meza ni pembetatu, wanawake 39 wa historia na wa hadithi za kale, kila mmoja na sahani yake na kitambaa chake cha kudarizi, halafu sakafuni kuna majina mengine 999 kwa rangi ya dhahabu.

Watu wote wanapiga picha sahani (zina maumbo ya uke jamani, ukienda na mama mkwe jiandae) lakini mi nasema kazi iko kwenye vitambaa. Mfano cha Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake, mbele kimejaa vijitu vya uzi vimetuna kabisa, ila nyuma wamemdarizi akifa baada ya kujifungua, na hiyo usiposimama upande wa pili wa meza huioni ng'o. Sindano hiyohiyo tunayoshonea vitambaa vya makochi imewekwa makumbusho, na Artemisia Gentileschi mchoraji naye kapata kiti chake.

Kinachoniudhi ni sahani ya Sojourner Truth, Mmarekani mweusi aliyepinga utumwa, karibu wenzake wote wamepewa umbo la uke yeye kapewa nyuso tatu, mwandishi Mmarekani mweusi Alice Walker alishalalamikia hilo zamani na mi niko upande wake.

Nyota nne. Chumba kina giza kidogo, macho yakizoea ndo uzunguke tena taratibu.